Wadudu wa bwawani na jamaa zao (athropodi): maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwani bwawa dogo lina nini cha kulinda? Si mito na maziwa ndo yenye viumbe?

Hapo ndo wengi wanapokosea. Bwawa moja ukilishindanisha na mto mmoja, mto unaweza kushinda, lakini jumlisha mabwawa yote ya eneo uone. Kuna utafiti wa kusini mwa Uingereza uliotoka 2004, walilinganisha mito, vijito, mitaro na mabwawa ya eneo moja la mashamba, na mabwawa ndo yakaongoza, kwa wingi wa spishi na kwa spishi adimu pia. Sababu yake haina uchawi: maji ya mto yanatembea na kuchanganyika, ila bwawa kila moja na tabia zake, hili lina kivuli, lile linapigwa jua kutwa, hili linakauka, lile halijawahi kukauka tangu lichimbwe, na kila hali ina wadudu wake wanaoipenda.

Shida ni kwamba vidogo havihesabiwi. Umoja wa Ulaya una sheria nzuri tu ya maji, ila ufuatiliaji wa maziwa chini ya sheria hiyo unaangalia zaidi yale ya hekta 50 kwenda juu, sasa bwawa la ukubwa wa chumba litaonwa na nani? Mkataba wa Ramsar wa ardhioevu ni wa 1971, lakini azimio lake kuhusu ardhioevu ndogo limekuja kupitishwa 2018. Katikati hapo mabwawa kibao yamefukiwa na hakuna aliyeandika popote.

Mkisema athropodi mnamaanisha nani hasa?

Wote wenye miguu ya maungio na gamba kwa nje: wadudu, buibui, utitiri, na jamii ya kamba na kaa. Bwawani wamejaa, na wengi hujawahi kuwaona kwa sababu hujapiga magoti ukingoni ukatulia.

Chukua tunutu wa kereng'ende, yaani yule mtoto anayekaa majini kabla hajaota mabawa. Wale wa kereng'ende wakubwa wanapumulia utumbo wa nyuma, matamvua yako humo ndani, wanavuta maji kwa nyuma na kuyatoa, na wakishtuka wanayatoa kwa nguvu wanachomoka mbele. Mdomo wao wa chini umekunjwa chini ya kichwa, ukifika karibu unafyatuka na kukubana, kiluwiluwi cha mbu hakina hata muda wa kujipinda. Halafu kuna wale mbawakawa weusi wadogo wanaozunguka zunguka juu ya maji, jicho la kila upande limegawanyika mara mbili, nusu inaangalia hewani nusu inaangalia chini majini. Kunguni-maji wakubwa, baadhi yao jike anamgandishia dume mayai mgongoni na dume ndo anayabeba mpaka yaanguliwe. Vile viluwiluwi vyekundu vya kwenye tope ni watoto wa usubi wale wasiouma, wekundu wao ni himoglobini, inawasaidia kuishi pale ambapo oksijeni ni ya kutafuta.

Na buibui wapo. Ulaya na Asia kuna mmoja anaishi chini ya maji kabisa, anafuma utando kama kengele, anaujaza hewa anayoishusha na nywele za tumbo lake, anakaa humo. Utafiti wa 2011 ulionyesha kwamba ile hewa inaendelea kupokea oksijeni kutoka kwenye maji yenyewe, kwa hiyo akiwa ametulia anaweza kupanda juu mara moja tu kwa siku.

Bwawa si litakuwa mazalia ya mbu?

Swali la haki, na jibu siyo "hapana" ya moja kwa moja. Bwawa jipya kabisa, wiki za mwanzo, mbu wanaweza kuwahi kuliko maadui zao. Bwawa lililooza kwa maji machafu nalo mbu wengine wanalipenda sana, kwa sababu wanaowala hawawezi kuishi humo. Lakini bwawa lililokomaa lenye maji safi lina tunutu, lina mbawakawa wapiga mbizi, lina wale kunguni-maji wanaoogelea kwa mgongo, na wote hao viluwiluwi ni chakula. Kuna mbu ambao jike akihisi harufu ya kemikali za hao waogelea-mgongo kwenye maji haweki mayai kabisa, anaondoka.

Mbu wa nyumbani mtafute kwenye makopo, matairi, mifereji ya paa iliyoziba, ndoo zilizosahaulika. Maji hapo ni kidogo, yanakuja na kuondoka, na hamna mwindaji. Mwaga hayo kwanza kabla hujalilaumu bwawa.

Kama unaishi sehemu yenye malaria au dengi na wataalamu wa afya wamesema eneo litibiwe, fuata, hilo halina mjadala. Waulize tu kama inaweza kutumika ile dawa ya bakteria inayoitwa Bti, inalenga zaidi viluwiluwi vya mbu na jamaa zake wa karibu. Siyo kwamba haina athari, watoto wa usubi wanaweza kuumia ikitumika mara kwa mara, lakini ukilinganisha na kumwaga mafuta au sumu ya kuua kila kitu, afadhali hiyo mara mia.

Niweke samaki wale viluwiluwi basi?

Hapana. Tungeruhusiwa kujibu swali moja tu kwenye ukurasa huu tungejibu hili.

Samaki hachagui viluwiluwi vya mbu. Anakula kinachosogea na kinachoonekana, na vinavyoonekana ni vile vikubwa: tunutu, mbawakawa, viroboto-maji wakubwa (vijidudu vya jamii ya kamba, siyo viroboto vya mbwa), yaani anawamaliza hao hao ambao wangekufanyia kazi ya mbu bure. Wale gambusia wanaoitwa samaki wa mbu, asili yao kusini mwa Marekani na Mexico, walisambazwa dunia nzima karne ya 20 kwa nia njema kabisa, leo wako kwenye orodha ya IUCN, lile shirika la kimataifa la uhifadhi, ya spishi vamizi 100 mbaya kuliko zote. Wanakula mayai ya vyura pia na kuwang'ata samaki wenyeji mapezi. Samaki wa jamii ya kapu wao wana vituko vingine, wanafukua tope kutafuta chakula, maji yanabaki kuwa uji, mwanga haufiki chini, mimea inakufa, na mimea ikifa kila anayeikalia anaondoka.

Hatusemi samaki ni adui. Bwawa ambalo samaki wamefika wenyewe kwa mafuriko au kijito lina jamii yake ya wadudu waliozoea, liache hivyo. Tunachosema ni kwamba bwawa lisilo na samaki ni mali adimu, na kulirudisha likishapandikizwa ni kazi ngumu mno. Ukitaka kufuga, chimba la kufugia mbali na hili na hakikisha hayakutani hata mvua kubwa ikinyesha.

Na kama tayari wamo? Vua kwa wavu, au subiri mwaka wa ukame maji yakishuka sana uwatoe. Usimwage sumu ya samaki, sumu hiyo inaua na wadudu.

Bata nao nusu yake ni hadithi hiyo hiyo. Wakiwa wengi na wanalishwa, kinyesi kinarutubisha maji na ukingo unakanyagwa mpaka unabaki udongo mtupu.

Bwawa langu linakauka kila kiangazi. Nilichimbe zaidi lisikauke?

Usilichimbe! Kukauka ni uhai wake. Bwawa linalokauka mara nyingi halina samaki, na wapo viumbe waliojengwa kwa ajili ya hali hiyo. Kamba wadogo wasio na gamba la juu, wale wanaoogelea chali, mayai yao yanakaa kwenye tope kavu miaka na miaka, mvua ikipiga yanaanguliwa ndani ya siku chache, wanakua haraka, wanataga, maji yanaisha, mchezo unaanza upya. Kuna kereng'ende mmoja mhamaji wa rangi ya dhahabu, yule anayevuka Bahari ya Hindi, anataga kwenye madimbwi ya mvua na tunutu wake wanaweza kumaliza kukua ndani ya wiki sita tu hivi. Ukilifanya la kudumu umewafukuza wote hao ukawaita wale ambao wana kwao kwingine. Ulaya hii imeeleweka mpaka kwenye sheria, madimbwi ya msimu ya ukanda wa Mediterania yamewekwa kama makazi ya kipaumbele.

Cha kuangalia ni kama kukauka kwenyewe kumebadilika. Zamani lilishika maji miezi sita sasa miwili? Tafuta mtaro uliochimbwa jirani, kisima kipya, au pampu.

Nataka kuchimba jipya. Liweje?

Kwanza usiharibu sehemu ambayo tayari ni nzuri. Watu wanachimba bwawa katikati ya kinamasi chenye viumbe adimu halafu wanapiga picha, wanasema wamehifadhi.

Pili, sahau kina. Wadudu wengi wako kwenye maji ya kina kifupi, sentimita chache mpaka ishirini na kitu, pale penye joto na majani. Kwa hiyo kingo ziwe za kulala: ukishuka mita 1 kwenda chini uwe umetembea angalau mita 5 kwa ulalo, na ukiwa na nafasi fanya hata 20. Ukingo usiwe mstari ulionyooka, weka vighuba, vichuguu vya udongo chini ya maji, sehemu zinazolowa na kukauka maji yakipanda na kushuka. Shimo la kingo wima linapendeza kwenye ramani ila mdudu hana pa kukaa, na mnyama akitumbukia hatoki.

Ukiweza kuchimba matatu madogo yanayotofautiana badala ya moja kubwa, chimba matatu. Moja likipatwa na balaa mengine yanabaki, na wengi wa hawa wanaruka, watahama wenyewe.

Udongo wa juu wenye rutuba usiurudishe humo ndani. Kadiri chini kunavyokuwa maskini ndivyo maji yanavyobaki safi.

Niokote mimea na wadudu kutoka bwawa jingine nianzishie?

Acha. Mbawakawa wapiga mbizi wanaruka usiku wakitafuta maji, kunguni-maji vivyo hivyo, kereng'ende ndo usiseme, utawaona siku za mwanzo kabisa. Mayai ya vile vidogo yanakuja na upepo na miguu ya ndege. Ndoo ya maji kutoka kwingine inaweza kukuletea vipande vya gugu maji, mayai ya konokono wageni, au ugonjwa wa vyura, na hivyo vikishaingia huvitoi. Bwawa la mwaka wa kwanza lenye tope na lililo uchi bila mimea limependwa na wadudu fulani wanaopenda hali hiyo tu, wape mwaka wao.

Vifaa pia: wavu, buti, kamba, ukitoka bwawa moja kwenda jingine kagua, osha, anika mpaka vikauke kabisa.

Maji ya bomba yanafaa?

Ya mvua ni bora. Ya bomba mara nyingi yana klorini, na sehemu nyingine yana fosfeti na naitreti, ambavyo ni mbolea. Matokeo yake ni mwani wa kijani wa nyuzi nyuzi na magugu madogo yanayofunika uso wote. Maji yakishuka kiangazi, yaache yashuke.

Ila kusema kweli bomba ni dogo. Kinachoua mabwawa mengi ni kile kinachotiririka kutoka juu: mbolea ya shamba, samadi, maji ya choo, maji ya barabarani yenye mafuta. Kabla hujashika jembe, mvua ikinyesha nenda ukaangalie maji yanaingilia wapi na yanatoka wapi. Kama yanapita shambani, yageuze, au acha upana wa nyasi ndefu zisizokatwa na zisizopuliziwa kitu, upana mkubwa kadiri unavyoweza. Bwawa lenye maji machafu hata ulitengenezee kingo za dhahabu halitakuwa na chochote zaidi ya wale wachache wavumilivu.

Dawa za wadudu zinafika kweli bwawani?

Zinafika. Zile za kundi la neonikotinoidi zinayeyuka kwenye maji vizuri sana, zinasombwa, na athropodi wa majini wanaumia kwa viwango vidogo mno. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku tatu kati ya hizo kutumika nje mashambani mwaka 2018.

Kingine ambacho watu hawakifikirii ni mbwa. Dawa nyingi za viroboto za kudondoshea mgongoni zina fipronili au imidaklopridi, ambazo ni sumu za wadudu, na hizo zimekutwa kwenye sampuli nyingi sana za mito ya Uingereza. Mbwa aliyepakwa juzi akiogelea bwawani, umepiga dawa bwawa. Mwache acheze kwingine, au mwulize daktari wa mifugo kama kuna njia nyingine ya kumtibu.

Tope limejaa, mimea imebana. Nisafishe?

Taratibu kwanza. Bwawa lililojaa majani siyo bwawa lililokufa, hata lile la kivuli lenye majani yanayooza lina watu wake. Jiulize eneo lako lina mabwawa mengine ya jua na maji wazi? Kama yapo, hili liache lizeeke. Kama yote yamefunikwa na miti, hapo sasa safisha baadhi, punguza miti upande wa jua, kereng'ende na mimea ya chini vitarudi.

Ukisafisha, usizidi theluthi moja kwa mwaka. Hii watu hawapendi kwa sababu mashine imeshakodiwa na dereva anataka amalize leo, ila ukikwangua lote umeondoa mayai, tunutu (wengine wanakaa majini zaidi ya mwaka) na mbegu, kwa siku moja. Unachotoa kiache ukingoni siku moja au mbili ili wanaoweza kutambaa warudi, kisha kipeleke mbali, kisije kikarudisha rutuba mvua ikinyesha. Mashina yaliyosimama nje ya maji yabakize mengi, tunutu wanapanda humo kugeuka kereng'ende wakubwa, hawana ngazi nyingine.

Taa na plastiki vinahusianaje na wadudu wa maji?

Wadudu wengi wa majini wanajua maji kwa mng'ao, mwanga unaoakisiwa na uso wa maji unakuwa umelalia upande mmoja. Bahati mbaya lami, nailoni nyeusi, paneli za sola na gari jeusi vinatoa mng'ao huo huo, wakati mwingine kuzidi maji. Wale wadudu wenye mikia mirefu wanaoishi siku moja tu wakishakuwa wakubwa wamekutwa wakitaga kwenye lami kavu, mayai yote hasara. Kwa hiyo karatasi nyeusi ya kuzuia maji ifunike kwa udongo, na paneli zenye mistari myeupe haziwavuti sana kama zile nyeusi tupu.

Taa zima. Ikishindikana iwe ya rangi ya njano iliyokolea, iangalie chini, na isimulike maji.

Gugu maji na kamba wekundu wameingia, nifanyeje?

Gugu maji ling'oe likiwa bado kidogo, lote, na likaushe mbali na maji. Likishafunika uso wote hewa haipiti na chini panakuwa pa kufa. Yule kamba mwekundu wa Marekani ni athropodi, ndiyo, lakini anakata mimea, anakula tunutu, anatoboa kingo, na kule Ulaya kamba wa Marekani wanabeba ugonjwa wa ukungu uliofyeka kamba wenyeji. Mitego inapunguza, haimalizi. Usiwahamishe hai, na usiwauze hai.

Nitajuaje kama kuna mafanikio?

Chukua wavu wa matundu madogo na beseni jeupe. Pitisha wavu dakika tatu kwa jumla, umegawa muda huo kwa kila aina ya sehemu: kwenye mimea, maji wazi, chini ya kivuli, juu ya tope. Mwaga kwenye beseni, subiri. Mwanzoni utaona majani tu na uchafu, halafu uchafu unaanza kutembea. Kijiti kinachojivuta ni mtoto wa mdudu aliyejijengea nyumba ya vipande vya majani. Nukta nyekundu inayokimbia ni utitiri wa maji. Piga picha, andika tarehe, rudisha wote.

Kereng'ende anayeruka juu ya bwawa siyo ushahidi kwamba anazaliana hapo, anaweza kuwa mpita njia. Ushahidi ni lile ganda kavu lililong'ang'ania kwenye shina, lenye mpasuko mgongoni. Kusanya maganda, hayana madhara kwa mtu yeyote, mwenyewe ameshaondoka. Afrika Kusini wana kipimo kizima kinachotumia kereng'ende kupima hali ya maji, na duniani IUCN ilipowatathmini wote 2021, zaidi ya spishi 6,000, asilimia 16 walikuwa hatarini kutoweka.

Rudia msimu ule ule kila mwaka, maana ukilinganisha masika na kiangazi utajidanganya.

Kulikuwa na bwawa hapa, likafukiwa zamani. Ndo basi tena?

Siyo lazima. Uingereza wamefukua mabwawa yaliyofukiwa shambani kwa muda wa hadi miaka 150 hivi, na mbegu za mimea ya maji zilizokuwa kwenye tope la zamani zikaota. Mayai ya viroboto-maji nayo ni wabishi, Marekani wameangua yaliyotolewa kwenye tope la ziwa lenye umri wa miaka kama 700.

Tafuta sehemu iliyobonyea shambani ambapo maji yanatuama, angalia ramani za zamani, waulize wazee wa hapo. Ukichimba nenda pole pole, udongo wa kufukia huwa una rangi tofauti na tope la zamani lililo jeusi na laini chini yake. Ukifika kwenye lile jeusi mwambie mwenye mashine asimame, usilichote, lirudishiwe jua na maji, na kaa nalo misimu miwili kabla hujaamua kuongeza chochote.